Dola ao Shilingi

Miye iko cambiste mu soko ya komine Tshopo, Kisangani. Meza kidogo, kiti ya plastiki, parasol, na mabunda ya franka yenye kufungwa na mupira. Mutu anakuja na dola, namupa franka. Anakuja na franka, namupa dola. Masomo niliacha mu troisième na sijajuta, juu taux ya asubui, bei ya dola, naijua mbele ya professeur yeyote. Dola yenye kupasuka hata kidogo kama ukucha, siikamate. Hakuna mutu mwenye alishanidanganya mu kazi hii. Mwenye alinidanganya haikuwa mutu, ilikuwa mashini, tena kidogo kama kipande ya sabuni.

Iko hivi. Wakati nilikuwa naoa Benie, baba yake, papa Timothée, alitoka Yanonge na liste ya dot, mahari ya binti yake. Mu liste kulikuwa mbuzi mbili. Moja nilileta. Ya pili ilinishinda, na nilisema wazi mbele ya batu bote kama pesa ya mbuzi ile nitanunulia nayo Benie surjeteuse, ile mashini yenye kukata na kufunga pembeni ya kitambaa juu nyuzi isitoke. Benie anashonaka vizuri, lakini mashini ile hakuwa nayo. Kila robe alikuwa anaipeleka kwa Félicité, avenue ya pili, analipa, na Félicité anaiweka chini ya kazi zake zote mpaka baclients banaanza kumutukana Benie.

Papa Timothée alifikiri. Akakamata bic, akafuta mbuzi mu liste.

— Bokilo, mukwe yangu, mbuzi yangu nimeiingiza mu mashini. Siku nitakuja kwenu nisione mashini, nataka mbuzi.

Batu balicheka. Yeye hakucheka.

Bon. Mwezi ya munane tukapanga kuenda Kampala siku tano, miye na Benie, voyage yetu ya kwanza, na surjeteuse tuinunue kule, juu kule bei iko chini. Tonton Désiré, mwenye alishaenda, alinishauri niache cash, niweke pesa mu bank banipe karte. Alisema kwa kila barrière ya basoda cash inanuka, lakini karte hainuke. Benie hakupenda. Aliniambia cambiste mwenye kutembea na karte iko kama muvuvi wa Wagenia mwenye kununua samaki ya mukebe. Sikumusikiliza. Jina yangu ilikuwa imeandikwa juu ya karte kwa herufi kubwa, na nilikuwa naiangalia hata nikiwa nakula. Niliweka mu bank dola mia saba na makumi mbili. Mia nne ya kutembea. Mia tatu na makumi mbili ya mashini, haiguswe.

Avion mpaka Bunia, kisha bus, na tukafika. Kampala ilitupendeza, sifiche. Hotel ilikuwa na maji moto, Benie alilala mpaka saa tatu ya asubui kama bibi ya gouverneur. Tulikula chapati yenye kuviringishwa na mayai pembeni ya barabara. Tulilipa tiketi juu ya kuangalia nyani mu uzio, na Benie akasema kwa sauti kama mu pori ya Bafwasende nyani njo angelipa tiketi juu ya kutuangalia sisi.

Sasa, kila mahali nilikuwa nalipa, banatosha kamashini, naingiza karte, na écran inaniuliza: dola ao shilingi? Swali gani hii. Kwetu mutoto wa myaka sita anajua jibu. Franka inalala na bei moja, inaamuka na ingine. Dola njo dola. Nyumba tunalipa mu dola, dot mu dola, hata deni ya kufa mutu anaiacha mu dola. Nikafinya dola. Hotel, dola. Restaurant, dola. Nilikuwa nafinya na nguvu, vile namurudishiaka mutu noti yake ya kupasuka. Na kila asubui nilikuwa napita kwa guichet automatique, mashini ya bank, natosha pesa kidogo tu, juu kazi ilinifundisha: inje usitembee na mingi mu mufuko.

Siku ya tano tukaenda kwa mama Solange. Yeye iko mama wa Bunia, anauzisha mashini za kushona Kampala tangu zamani. Aliomba milioni moja ya shilingi. Benie aliteremusha bei saa muzima, mpaka mia tisa na makumi tano elfu. Akaijaribu surjeteuse kwa kipande ya liputa, kitenge yake mwenyewe, na nikaona anaacha mukono juu ya mashini kama mutu mwenye kushika mutoto asianguke. Nikatosha karte. Dola. Ikakataa. Mara ya pili, ikakataa.

Nikakaa juu ya carton, nikafungua compte ya bank mu telefone. Dola mia mbili makumi sita na munane, mahali ya mia tatu na makumi mbili.

Nilifikiria mwizi. Nikaangalia pesa zenye zilikatwa, moja moja. Hotel, shilingi elfu mia sita, na bamekata dola mia moja makumi saba na sita. Kichwa yangu iligawanya yenyewe: karibu 3.400 kwa dola moja. Inje mu barabara dola ilikuwa 3.650, nilikuwa nimeuliza siku ya kwanza, juu kazi haiachake mutu hata mu voyage. Mu soko yetu, nikikata mama hivi, anageuza meza yangu na batu banamusaidia kuokota. Restaurant vile vile, nyani vile vile. Tena guichet: mara tano nilitosha, na kila mara bank ilikamata dola tano juu. Dola makumi tano na mbili zilikuwa zimeenda, na hakuna mutu wa kukamata shingo.

Mama Solange aliniangalia.

— Ulikuwa unafinya dola?

— Dola, mama.

— Bakongomani. Bote, hata badocteur. Weye unafanyaka kazi gani kwenu?

Benie njo alijibu:

— Iko cambiste, mama.

Mama Solange alicheka mpaka alishika meza. Nyuma akatueleza pole pole. Ukifinya dola, benye mashini njo banachagua taux. Ukifinya shilingi, bank yako inapiga hesabu yake yenyewe na inakamata kidogo, basi. Wakati huo njo nilijua: kamashini kale kalikuwa mwenzangu wa kazi. Kalinifanyia vile miye ningefanyia mutu mwenye hajauliza taux.

Nikapiga hesabu. Mu dola, surjeteuse ilikuwa mia mbili makumi saba na tisa, haiwezekane. Mu shilingi, na ile kidogo ya bank, mia mbili makumi sita na tano. Nilikuwa na mia mbili makumi sita na munane. Hotel, bus na avion ya kurudi tulikuwa tumeshalipa. Lakini kidole ilikataa. Kuacha dola, nichague pesa ya inchi yenye sijue inaamukaka namna gani? Na ikikataa tena, ni kurudi Kisangani mikono mitupu, kutafuta mbuzi.

— Finya, papa, Benie akasema. Ao unataka kupandisha mbuzi mu avion?

Nikafinya shilingi. Kamashini kakafikiri murefu. Nyuma kakatosha karatasi.

Mu bus tulikula mandizi na mukate, carton juu ya magoti yetu wote wawili, na Benie alilala na kichwa juu yake.

Hiyo dola makumi tano na mbili sililie. Nimeihesabia kama minerval, malipo ya masomo yenye niliacha. Juzi Glodi mumoja, étudiant, alikuja kwa meza yangu kununua dola za voyage, anaenda Kigali na karte mupya. Nilimuambia: kule finya pesa ya kule, na kwa guichet utoshe mara moja, mingi. Alinishangaa cambiste kutoa conseil ya bure. Na Félicité, mashini yake ilivunjika, sasa analeta kazi yake kwa Benie. Benie anaiweka chini ya zake.

Papa Timothée alifika siku ya posho, Jumamosi, na baleinière, mashua ya muto, na kitunga ya samaki ya kukausha. Hakuuliza habari ya Kampala. Alivuta kiti mpaka karibu na surjeteuse, akaangalia Benie anashona, mashini inalia na inakata pembeni ya kitambaa, bipande binaanguka chini. Akainama, akaokota kipande kimoja, akakigeuza.

— Inakula bitambaa, akasema. Basi iko mbuzi.

Na akaomba chai.