Pasi ya Watu Wangapi

Haya, mwenzangu, nikutegee, nawe usikimbilie kujibu kama mtoto anayetaka kusifiwa: ana mkia mrefu na tumbo la moto, akitembea husawazisha milima, akisimama hula mahali alipolala. Nani huyo?

Umepata. Ni pasi. Hata Bi Mstari angepata. Alipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni miaka thelathini na moja, na jina hilo alipewa na madobi wenzake, maana suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mstari wa kukatia mkate. Lakini Jumapili iliyopita pasi yake ilisimama, nayo ikala.

Ilikula shati la marehemu mumewe. Mume alikuwa mlinzi wa benki, mwenye mashati matano ya buluu, yote ya kutiwa wanga. Kola ikilegea, msimamizi humrudisha mtu nyumbani. Sasa ni miezi saba tangu afariki, na kila Jumamosi Bi Mstari aliyafua yale mashati matano ambayo hakuna aliyeyavaa. Jumapili akayapiga pasi na kuyatundika. Hakulia msibani, wala baada ya msiba. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe. Hakubisha. Mambo yalimpitia mbele kama yanayopita upande wa pili wa kioo.

Jumapili hiyo alijaza maji kinywani, kama wafanyavyo madobi wa zamani, ili aipulizie nguo ilainike. Akasahau kupuliza. Akabaki amesimama, mashavu yamefura, macho ukutani, na pasi imelala kifudifudi juu ya shati la tano, mpaka jirani akaja mbio kwa harufu ya moshi. Meza nayo ilikuwa imeshaanza kuungua. Hata jirani alipomshika bega, maji yalikuwa bado mdomoni.

Kesho yake binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuja na sauti ile anayowatolea watoto waliomwaga uji.

"Mama, mawili haya, chagua moja. Ama tununue pasi inayojizima yenyewe, ama ufunge virago uje kukaa kwangu. Sitaki kuitwa na majirani nikute majivu."

Bi Mstari hakutaka kuhama. Asingeweza kueleza kwa nini. Ila katika vyumba vile viwili alijua ndoo ilipo, kiti kilipo, na msumari wa kutundikia kanga, bila kutazama. Kwingine kote ilimbidi atazame, na kutazama kulimchosha.

Basi wakaenda dukani asubuhi ya Jumatano. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo, mnene, shati lake limekunjamana kama limetoka kinywani mwa ng'ombe.

"Karibuni, mama zangu. Pasi za kila namna zipo."

"Na ya kwako iko wapi?" aliuliza Bi Mstari, akilitazama lile shati.

Muuzaji akacheka. "Mganga hajigangi, mama. Mke wangu kasafiri."

"Kaondoka na mikono yako?"

Binti alimgeukia mama yake upesi. Miezi saba hakumsikia akimtania mtu. Lakini uso wa mama ulikuwa uleule. Ulimi ulikuwa ukienda wenyewe, kama saa ya ukutani kwenye nyumba iliyohamwa.

Pasi zikapangwa kwenye kaunta. Bi Mstari hakusoma boksi hata moja. Alizipindua, akapitisha kidole gumba usoni mwa kila moja kutafuta mkwaruzo, akavuta waya pale unapoingilia mpini, maana hapo ndipo pasi zote hufia. Kisha akazinyanyua moja moja. Moja akakaa nayo mkononi: ya chuma, nzito, isiyo na makeke.

"Hii," akasema. "Kola ya wanga inataka uzito."

"Hiyo inajizima?" binti akauliza.

"Hiyo hata ukiilaani haijizimi," muuzaji akajibu. "Inayojizima ninayo hii hapa ya mvuke. Nyepesi. Nguo zako za kawaida, magauni, kanga, inamaliza vizuri. Wanga mgumu haiuwezi, nisikudanganye."

"Basi tunachukua ya mvuke."

"Kola zitalala," alisema Bi Mstari.

"Mama, kola za nani?"

Alisema taratibu tu, lakini muuzaji akashika kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokwisha kuwa safi. Halafu, kwa kutaka kuwasaidia, akachomeka ile ya mvuke, akaleta kipande cha shuka na kikombe cha maji.

"Ijaribu mwenyewe, mama. Tena niambie, nyumbani mko wangapi? Maana pasi huchaguliwa kwa watu. Wakiwa wengi nakupa ile nzito, hii ya mvuke ni ya mtu mmoja, wawili wakivumiliana."

Bi Mstari alikuwa amekwisha kuchukua kikombe. Akakinywea, mashavu yakajaa, akabaki hivyo, anamtazama muuzaji. Binti aliangalia viatu vyake.

Kisha Bi Mstari akapuliza. Ukungu mwembamba ukaenea juu ya shuka, na mwingine juu ya tumbo la muuzaji.

"Ala," alisema muuzaji, anajipangusa. "Mama, maji ya hii yanatiwa humu kwenye tundu. Pasi ndiyo inayopuliza. Wewe pumzisha mashavu."

Akamtilia. Bi Mstari akapitisha. Pasi ikahema, shuka likanyooka. Haikuwa mbaya. Haikuwa na uzito wa kitu chochote.

"Sasa iacheni," akasema muuzaji. "Msiiguse. Tazameni taa."

Wakasimama watatu, wanaitazama taa nyekundu. Bi Mstari alijikuta akihesabu kimoyomoyo, kama alivyohesabu kando ya kile kiti cha nyumbani siku ile ya kifo, akingoja pumzi ifuatayo ya mumewe aliyekuwa amekaa tu baada ya chai. Alipofika thelathini, taa ikazimika. Hapakuwa na moshi wala kelele. Shuka lilikuwa jeupe.

"Imelala," akasema muuzaji. "Ukiishika mpini inaamka."

Bi Mstari akaushika mpini. Taa ikawaka. Akauachia, akaangalia mkono wake, halafu akaitazama ile nzito, na humo kichwani akayaona mashati manne yaliyobaki yametundikwa ukutani, kola zimesimama wima, mikono imeshuka. Macho yalimwasha. Alidhani ni mvuke.

Binti akamsogelea. "Mama, ukitaka ile nzito, chukua. Ila nikija nayo nyumbani, nakuja na gari la kubebea vyombo. Na mashati utakuja nayo kwangu."

Muuzaji akakohoa.

"Nilikuuliza, mama, ukawa na maji mdomoni. Nyumbani mko wangapi?"

Bi Mstari alimeza mate, kama kwamba maji bado yapo. Akaisukuma ile nzito pole pole mpaka ukingo wa pili wa kaunta.

"Mmoja," akasema. "Niko mmoja."