Kumsema Madamu

Prudencia Rugemalira alirudi kutoka semina ya uongozi akiwa mtu mwingine, na hilo ndilo lililowaharibia mafundi chakula cha mchana.

Alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule pale Mabatini. Mwenye mali alikuwa Mzee Shigela, aliyeishi Ilemela na kuja mara chache. Ndiye aliyempeleka semina, baada ya kusikia kuwa mafundi wanamwogopa.

"Kuanzia leo sisi ni familia," Prudencia aliwaambia. "Msiniite madamu. Niiteni Prudencia. Na chakula tutakula pamoja."

Mafundi walipiga makofi kwa kuwa hawakujua la kufanya. Hilo jina hakuna aliyeliweza. Maige, mkata vitambaa, aliacha kumwita kabisa. Akimhitaji alisimama karibu naye na kukohoa, mpaka Prudencia akamshauri akapime kifua.

Lakini tatizo lenyewe lilikuwa chakula. Miaka yote saa ya kula ilikuwa saa ya kumsema Prudencia. Sabina, fundi mkongwe kuliko wote, aliiga mwendo wake, anavyoshusha miwani na kuuliza, "Hili ni pindo au njia ya ng'ombe?" Watu walicheka hadi mboga ikapoa. Sasa mwenye kusemwa ameketi hapo hapo, anamega ugali nao. Wangesema nini?

Prudencia alijitahidi. "Luhende, wewe ndoto yako ni nini?"

Luhende, ambaye kazi yake ilikuwa vifungo, alifikiri sana. "Juzi niliota kiboko, madamu."

Visingizio vikaanza. Maige alisema amefunga, ingawa Kwaresima ilishapita. Luhende alikwenda kuangalia bomba, asirudi. Wengine wakahamia kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Mwishowe alibaki Sabina, kwa sababu miguu ilimuuma, wakatazamana na Prudencia juu ya sahani ya dagaa.

Simu ikaita.

"Shikamoo mzee... Ndiyo mzee... Lakini mzee, huku nako... Sawa mzee."

Prudencia akaiweka simu mezani, akasonya. Sabina hakuwahi kumsikia akisonya.

"Anataka feni. Anatuma gari ije kuichukua."

"Feni yetu hii? Ya nini?"

"Ya banda la kuku. Anasema kuku wa kisasa hawavumilii joto."

Tonge la Sabina likabaki hewani. "Kwa hiyo sisi ni wa kienyeji?"

Prudencia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaanza kumsema Mzee Shigela: anavyopiga simu kuuliza kama taa ya choo imezimwa, anavyoongelea puani, sauti akaiiga vilevile. Mlango wa stoo ukafunguka, Maige akatoka na sahani yake ya wali.

"Mtanisamehe," alisema. "Hayo ya taa nilitaka kuyasikia vizuri."

Tangu hapo watu walirudi mezani. Walimsema mzee kwa bidii, na kazi ikaenda. Mashine ikiharibika walimwambia Prudencia badala ya kuificha. Naye, mtoto wa Luhende alipolazwa, alikaa kwenye kiti cha Luhende akashona vifungo, vibaya lakini kwa moyo.

Siku moja Mzee Shigela alikuja bila taarifa, akakuta kicheko kimejaa nyumba. Kilikatika ghafla, lakini yeye alishakisikia, na machozi yalimlengalenga.

"Hayo ndiyo matunda ya semina!" alisema. Palepale akatangaza kuwa Prudencia anahamia Geita, kwenye karakana yake nyingine ambako mafundi na msimamizi wao hawasalimiani, akajenge uhusiano.

Kesho yake ugali ulibaki. Sabina akavaa kitenge chake cha kanisani, akamchukua Maige, wakaenda Ilemela.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kushukuru?"

"Tumekuja kulia, mzee. Yule mama anatutesa."

Akaeleza ukali, akaeleza dharau, akasimama akaonyesha na mwendo. Maige alitikisa kichwa kwa huzuni kila alipotazamwa.

"Na kile kicheko?"

"Tuliamriwa, mzee."

Mzee Shigela alishika kiuno. "Basi haendi popote. Atabaki hapo hapo mpaka mpatane." Akampigia Prudencia simu, akamfokea mbele yao, nao wakasikiliza wakitazama sakafu.

Waliporudi walimkuta macho mekundu. Sabina akamweleza walichofanya na sababu yake. Prudencia alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

"Amesema nina dharau. Amesema hata wafiwa nawanyima ruhusa. Yote hayo mliyatunga njiani?"

Maige aligeukia dirisha. Sabina alinyoosha kitenge chake, ingawa hakikuwa na kunyanzi.

"Mengine, madamu."

Prudencia akasogeza kiti kwa mguu.

"Kaa. Niambie yale ambayo hamkuyatunga."

Sabina alikaa. Alianza na shangazi yake, ambaye walimzika yeye akiwa hapa anashona kola. Maige naye akavuta kiti, na mchana ule hakuna mashine iliyosikika.