Miji Niliyoitoa kwa Kitendawili Kimoja

Simu inasema subiri, nami nasubiri. Nimejilaza mkekani baada ya chakula cha mchana, spika za masikioni zimenibana, na mchezo unafunguka kwa shida kwa sababu kila aliyewahi kuucheza amerudi kuuaga. Leo jioni wenyewe wanaufunga, na ukifungwa ndiyo basi, kila mji na kila jina lililomo humo kwisha habari yake. Na humo ndani nina mume. Anaitwa Mshale, mpiga upinde, na mimi ni Zafarani, mganga mwenye nywele nyekundu kama pilipili na mdomo unaofanana nazo, ingawa huku nje ni Mwanaheri, fundi cherehani wa Korogwe, ambaye nywele zake zimefungwa kwa kipande kilichobaki kwenye suruali ya mteja. Shangazi yangu Bi Mosi hucheka mpaka anashika ukuta. Mume wa kwenye simu, mwanangu, unampikia nini? Jana huyo mume aliniandikia: kesho kabla hawajafunga niambie jina lako la kweli, nami nikuambie langu, nisije nikakupoteza. Sijamjibu. Naogopa. Zafarani ana maneno, Mwanaheri hana. Kijiduara kinazunguka kwenye kioo cha simu, nakifuata kwa macho, kinazunguka, kinazunguka, na sasa mimi ndiye ninayezunguka, mkeka umeisha chini yangu, niko barabarani.

Barabara haina mwisho, nikigeuka nyuma naiona ile ile ya mbele. Watu wanapita, majina yanaelea juu ya vichwa vyao, lakini nyuso hawana, mahali pa uso ni peupe kama sahani iliyooshwa. Nawasalimia, hamjambo, hawaitikii. Wanapunga mikono tu, wanaaga, wala hawaangalii wanamuaga nani. Najisikia mpweke kuliko ninavyojisikia kwangu, na kwangu si haba. Pembeni amekaa mchuuzi wa dawa, huyu namjua, siku zote kazi yake ni kuniambia dawa ipo, dawa ipo. Naye leo hana uso. Samahani bwana, namuuliza, Mshale yuko wapi? Kitendawili, anasema. Jamani, sina muda wa vitendawili, watu wanafunga. Kitendawili, anasema tena, kwa subira ya mtu asiye na uso wa kukunja. Haya, tega. Wageni wawili, mwenyeji hayupo, chakula kinapoa. Nafikiri, nakuna kichwa, nasema macho na usingizi. Siyo. Nipe mji.

Hilo halinitishi. Utotoni, ukishindwa kitendawili unatoa mji, nami niliwapa binamu zangu Tanga, nikawapa Mombasa, nikawapa Ulaya nzima, wakaenda huko wakala wakanywa kwa maneno, na asubuhi Tanga iko pale pale. Chukua Mji wa Chumvi, namwambia. Mchuuzi ananyoosha mkono, anaukunja Mji wa Chumvi kama kanga iliyokauka kambani, pembe kwa pembe, anautia kapuni. Palipokuwa na mji hapana hata vumbi. Ndipo moyo unanilipuka, maana mji ule ndio nilipokutana na Mshale. Alikuwa anamezwa na chatu, nami nikakimbia kumtibu, nikakosea, nikamtibu chatu. Mshale akafa akiandika ha ha ha, kisha akafufuka, kama kawaida ya humo. Nataka kulikumbuka lango tulilokuwa tumesimama mbele yake, lilikuwa la rangi gani, na silikumbuki tena.

Nirudishie, nasema. Jibu basi, anasema. Nasema jua na mwezi. Siyo, nipe mji. Nasema mabubu wawili. Siyo, nipe mji. Namtolea miji yote niliyopita peke yangu, hiyo haina uchungu, anakunja, anatia kapuni, na barabara inafupika, inajipinda, inaniingiza Mji wa Vioo, ambako mchuuzi ameshafika na kukaa. Hapa ndipo tulipooana. Kila ukuta ni kioo. Katika kimoja mimi ni Zafarani, katika kinachofuata ni Mwanaheri mwenye uzi mdomoni, halafu Zafarani, halafu Mwanaheri, na katika vyote pembeni yangu pana nafasi tupu ya mtu mzima. Siku ya harusi wageni tusiowajua walicheza ngoma moja mpaka ikachosha, na Mshale alipokuja kunitazama nikafunika uso, nikamwandikia, kwetu bibi harusi haonwi bure, kipa mkono kiko wapi? Nilijua atauliza ndiyo nini. Hakuuliza. Alitoka mbio, akarudi anaburuta mbuzi mwenye pembe za buluu, akasema, haya, funua. Hapo ndipo nilipompenda. Kumbe naye ni wa kwetu, mahali fulani anao shangazi waliowahi kuziba mlango wa chumba cha harusi wakidai chao.

Nipe mji, anasema mchuuzi. Huu sikupi, nasema. Umekosa. Sijajibu! Kutojibu nako ni kukosa, anasema, na hilo linanichoma, maana jana ndivyo nilivyofanya. Nalia waziwazi, vioo vyote vinalia pamoja nami. Nauachia. Anaukunja na ngoma yake na mbuzi wake, pembe za buluu zikichungulia kapuni, na hakuna kinachobaki duniani ila mlango mmoja uliosimama wenyewe, bila nyumba. Nausogelea. Hodi, nasema. Halafu kutoka upande wa pili, kwa mbali, sauti ya mwanamume ambayo sijawahi kuisikia, na ninaijua: hodi. Nasubiri anikaribishe. Hanikaribishi. Hodi, nasema tena. Hodi, anasema. Bibi yangu alinifundisha, ukipiga hodi ya tatu usijibiwe, ondoka, usiwe king'ang'anizi mlangoni mwa watu. Napiga ya tatu. Naye anapiga ya tatu. Nasikia miguu yake inageuka, na miguu yangu nayo imeshageuka, adabu zangu zinanitembeza, natembea na huku sitaki. Wageni wawili, ananong'ona mchuuzi, mwenyeji hayupo. Nasimama. Nimelijua jibu. Wageni ni sisi, kila mmoja wetu anadhani yuko nje. Nafungua mdomo niseme na sauti haitoki, naisukuma, haitoki, kapu linafungwa.

Niko mkekani. Jua la alasiri liko ukutani, juu ya suruali za watu. Simu imelala kifuani, sijui kijiduara bado kinazunguka au kioo kimezima, sitaki kuangalia. Spika moja imo sikioni, moja imedondoka. Shangazi anakoroma chumba cha pili, au ni cherehani inayojishona yenyewe. Nyuma ya nyumba mbuzi analia, na sisi hatufugi mbuzi. Hodi, inasema sauti. Siwezi kujua inatoka sikioni au mlangoni, labda ni mteja amefuata suruali yake, labda ni yeye, labda bado sijaamka. Hodi. Mwili mzito, ulimi mzito. Hodi, ya tatu, taratibu, kama ya mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini aliyelelewa vizuri, halafu nasikia miguu inageuka. Siulizi ni nani. Karibu, nasema, kwa sauti yangu mwenyewe, iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika, karibu ndani, usiondoke, mimi naitwa Mwanaheri.