Nyasi Nyekundu za Mama

Subira si fungu langu, na hilo halijifichi. Baba alipopata kiharusi akapoteza sauti na mkono wa kulia, niliacha kazi yangu ya ususi nikarudi nyumbani kumuuguza, na ndani ya wiki moja kila mtu pale alikuwa anafuata amri zangu.

Nje ya dirisha lake kulikuwa na vyungu viwili vya nyasi za mapambo. Kimoja kilikuwa na nyasi za buluu. Kingine kilikuwa na nyasi nyekundu alizopanda mama mwaka aliofariki. Baba alikuwa mtunza bustani maisha yake yote, lakini kwangu mimi nyasi ni nyasi. Ukizimwagia maji umemaliza.

Jioni moja, mwanzoni mwa msimu wa baridi, Baba alianza kunyoosha kidole kwenye kipimajoto kilichotundikwa nje ya kioo. Nikachungulia. Nyuzi tano.

“Unasikia baridi, Baba? Ngoja nikufunike.”

Akatikisa kichwa. Nikamfunika. Akalivuta blanketi kwa mkono wake mzima, akalisukuma kuelekea dirishani, likaanguka sakafuni. Nikaliokota, nikamfunika tena.

“Baba, umekuwa mtoto mdogo sasa?”

Nilisema kwa utani, ila utani wenyewe ulikuwa na meno. Akalisukuma tena. Mara ya tatu nililichomeka chini ya godoro pande zote, nikalikaza kama ninavyobana nywele za mteja asiyetulia, na mkono wake mzima ukabaki humo ndani. Machozi yakamtoka. Nikayafuta, nikijisifu moyoni kwamba mzee wangu ameguswa na huduma yangu.

Asubuhi shangazi, dada yake Baba, alikuja kumjulia hali. Hakufika mlangoni. Alisimama mbele ya vyungu, umande ukiwa umeganda kila mahali. Nyasi za buluu zilikuwa wima, hazina habari. Zile nyekundu zilikuwa zimelala, nyeusi na laini kama mboga zilizopitiliza jikoni.

“Hukuziingiza ndani, mwanangu?”

“Kwani nyasi zinaingizwa ndani?”

“Hizi za buluu hazijali baridi. Za mama yako ni za joto. Kipimajoto kikishuka chini ya kumi, kaka huzihamishia jikoni. Akichelewa, anatoka na blanketi lake mwenyewe anazifunika. Miaka sita hajakosa.”

Nikakaa kwenye ngazi.

Kisha niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. “Nisamehe, Baba. Sikukuelewa.” Akaniwekea mkono wake mzima kichwani, akauacha hapo. Afadhali angenipiga.

Chungu nilikiingiza jikoni, karibu na jiko, nikakimwagilia wiki nne. Hakikuchipua kitu.

Baridi bado ipo. Kila jioni namfunika Baba, na siku hizi halisukumi tena blanketi. Ananiacha nilivute hadi kidevuni, kisha anageuzia uso ukutani.