Shimo la Mkaguzi

Kibali cha ujenzi kilikuwa kinaisha Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, na fundi cherehani aliijua saa hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Wala hakuwa anajenga ghorofa, jamani. Chumba kimoja na choo pale uani, basi, ili mama yake aliyevunjika nyonga aache kushushwa ngazi kumi na nne mgongoni mwa bintiye huyo huyo fundi kila haja inapombana. Mama hakulalamika. Alichofanya ni kuacha kunywa maji. Chai anaigusa na mdomo tu, anairudisha, anasema keshakinai, na binti anajifanya ameamini huku roho inamuuma.

Sasa, kibali kilisema hivi: kazi isipoanza ndani ya mwaka, kimekufa. Na kazi haihesabiwi imeanza mpaka taarifa ya kuanza igongwe muhuri. Mwaka wenyewe uliishia kwenye kushona sare za shule ili matofali yapatikane, kwa hiyo taarifa aliipeleka Jumatatu ya wiki ya mwisho. Karani wa dirisha la taarifa pale ofisi ya vibali, mtu mpole ajabu, akamweleza kwamba muhuri haugongwi hewani. Lazima mkaguzi aje aone shimo la kwanza kwa macho yake. Ila shimo likilala wazi bila muhuri, huo ni ujenzi holela, ni kosa. Kwa hiyo wachimbe asubuhi, wamsubiri mkaguzi, na asipofika mpaka ofisi inafungwa, wafukie. Kesho wachimbe tena. Aliyasema haya bila kupepesa jicho, huku ananyoosha kona za karatasi.

Fundi mwashi, waliyempachika jina la Timazi kwa jinsi alivyochukia ukuta uliopinda, alidhani anataniwa. Miaka ishirini kwenye fani, hajawahi kuambiwa afukie msingi kama mtu anayeficha mali ya wizi. Lakini Jumanne akachimba, akafukia. Jumatano akachimba, akafukia. Alhamisi majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta na kuuliza kama hazina imepatikana. Timazi akawajibu kwamba bado, ila hata kesho watamkuta palepale.

Ijumaa saa tano, mkaguzi huyo hapo, viatu vinang'aa. Shimo lilikuwa wazi, limenyooka, kona zake kama za sanduku. Akalizunguka, akachutama, akachota udongo na kuufikicha vidoleni. Akatikisa kichwa.

"Udongo huu ni laini mno, mama," akasema. "Umeshachimbwa huu. Mlianza kabla ya muhuri."

Timazi akabwaga sururu, akaenda kusimama akiuangalia ukuta wa jirani. Fundi cherehani akaeleza, akamtaja karani, akataja siku moja moja. Mkaguzi akamsikiliza vizuri tu, akampa pole, akasema yeye anaandika anachokiona, na anachokiona si shimo la kwanza. Akaomba maji ya kunawa, akanawa, akaenda zake.

Hapo machozi yalimtoka mwanamke mzima. Akapanda ngazi zake kumi na nne, akaketi kitandani kwa mama yake na kumwaga yote, hata kwamba anajua kwa nini chai inarudi imejaa.

Mama alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini. Alimwacha bintiye alie mpaka atosheke, kisha akauliza kama dirisha lile lina pia fomu ya kusimamisha kazi. Binti akasema zipo, rundo zima, zimeota vumbi.

"Jaza hiyo," mama akasema. "Ofisi inaogopa kitu kinachoanza, mwanangu. Kinachosimama hakitumiwi mkaguzi. Na kazi ambayo haijaanza, itasimamaje?"

Saa tisa kasoro dakika ishirini alikuwa dirishani, pumzi juu juu. Karani akasoma: kazi ya ujenzi imesimama, sababu ni udongo. Uso ukamchangamka. Akagonga muhuri, akamsifu kwa kufuata utaratibu, akasema laiti wajenzi wote wangekuwa kama yeye. Jumatatu iliyofuata akagonga, vilevile bila kuuliza, taarifa ya kuendelea na kazi. Mkaguzi hakuhitajika. Kazi inayoendelea ilishaanza, na iliyoanza ilishakaguliwa, la sivyo ingeanzaje?

Timazi alijenga kwa hasira, na hasira ilimfaa, maana kuta zilipanda wima kabisa. Siku moja mkaguzi akapita, akafungua faili, akakuta kusimama kupo, kuendelea kupo, kuanza hakuna. Akaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Mpaka leo, kwenye makaratasi, kazi ile haijaanza.

Siku ya kuhamia, mama alishuka ngazi mgongoni mwa bintiye kwa mara ya mwisho. Akaketi kwenye kitanda chake kipya, akautazama mlango wa choo, akahesabu hatua kwa macho. Tatu. Akahesabu tena. Kisha akamwambia bintiye amletee maji, na asiyalete kwa kile kikombe kidogo cha chai. Alete jagi.