Jamii ni Mimi

Nilikwenda kituo cha polisi kumtoa shangazi mahabusu nikiwa nimevaa koti la mahafali yangu ya diploma. Kiswahili nacho nilikuwa nimekipiga pasi.

Shangazi ni fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati yetu ya ardhi. Mimi ni katibu wake. Asubuhi ile alisimama mbele ya tingatinga la kampuni ya kokoto, kwenye malisho yetu, na kampuni ikamshtaki kwa uvamizi. Jioni gari lingempeleka gereza la mjini, na huko mtu hukaa mpaka kesi yake isahaulike.

Afande wa zamu aliisoma hati yetu ya malisho huku akitafuna kijiti.

"Mwenye ardhi aje aseme huyu mama hakuvamia. Hapa wameandika mmiliki ni Jamii. Huyu Jamii yuko wapi?"

"Afande, jamii si mtu. Ni nomino ya makundi, yaani..."

"Binti, nomino haina kitambulisho. Mlete mwenyewe."

Sauti ya shangazi ikatoka nyuma ya nondo: "Wewe mtoto, sarufi utanifundisha nyumbani. Nitoe!"

Nikapandwa na mori. Nikapiga kaunta kofi. "Jamii ni mimi!"

Nilimaanisha kwamba naiwakilisha. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nje ikisubiri.

"Amesemaje?" kinyozi akadakia dirishani. "Jamii ni yeye? Tangu lini?"

"Ukatibu tumempa juzi tu," akasema mama muuza mkaa, "leo ameshameza malisho!"

Wakamiminika ndani. Hotuba yangu niliyoiandaa njia nzima ilikanyagwa kizingitini.

"Afande, usimsikilize huyu! Ardhi ni yangu pia."

"Na yangu!"

"Kampuni tuliikataa sote mkutanoni, kwa kura. Mwenyekiti tulimtuma sisi akasimame pale. Angeumwa, ningesimama mimi!"

Afande akatoa kijiti mdomoni. "Kumbe wenyewe ni nyinyi nyote?"

"Sote!"

"Na huyu mama?"

"Mwenyewe vilevile!"

"Sasa mtu atavamiaje kwake?" Alikitazama chumba cha mahabusu, akatutazama sisi, akaona hatuenei. Akachukua funguo.

Nilitanua mikono nikumbatiwe. Shangazi alinipita kama anayepita nguzo ya umeme, akavaa viatu vyake, akasimama kwenye ngazi za kituo.

"Naona tunatosha kufanya mkutano. Kuna hoja ya katibu aliyejitwalia ardhi ya watu."

"Shangazi, ilikuwa tamathali ya semi!"

"Hapa ni mwenyekiti, si shangazi. Nani anaafiki apewe onyo?"

Mikono ikapaa. Hata afande aliinua wake, akakumbuka si mwanachama, akajikunia nao sikio. Mimi nilitazama huku na huku nikitafuta angalau mkono mmoja uliolala. Hakuna. Basi nikanyoosha na wangu. Malisho ni yangu vilevile, na kura yangu sikutaka ipotee.

"Imepita bila kupingwa," mwenyekiti akasema. "Katibu, andika."

Nikaandika. Kwa Kiswahili sanifu kabisa.