Mvukuto wa Osvaldo

Katika hospitali moja ya Rosario, Argentina, wadi ya waliopooza ilikuwa imebaki na mgonjwa mmoja tu, Nélida Bustos. Kabla polio haijamlaza alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo mkali. Sasa alibaki na mdomo. Kuanzia shingoni kwenda chini, mwili wake wote ulikuwa ndani ya pipa la chuma. Upande wa miguuni palikuwa na mvukuto wa ngozi uliokwenda kwa mota. Ukivutwa nje, kifua chake kilijaa hewa. Ukirudi ndani, hewa ilitoka. Maneno nayo yalitoka na hewa hiyo hiyo. Pipa likivuta, hata uwe na umbea mtamu namna gani, utanyamaza usubiri.

Kando yake lilikuwepo pipa la Osvaldo Peralta, dereva wa tramu. Wauguzi wa zamani waliyapanga mapipa yale yapishane: la Nélida likivuta, la Osvaldo linatoa. Wakazungumza hivyo miaka nenda miaka rudi, huyu akinyamaza yule anaanza. Hawakuwahi hata siku moja kukatizana kauli. Mvukuto wa Osvaldo ulikuwa na kamlio kila uliporudi, kama bawaba iliyokauka, basi kila alichosema kilitoka na mlio wake.

"Itie mafuta hiyo ngozi," Nélida alikuwa akimwambia. "Inalia kama ninyi mashabiki wa timu ya Central mkifungwa."

"Ninyi wa Newell's mmezoea kimya," Osvaldo alijibu zamu yake ilipofika. "Mtazijulia wapi kelele za ushindi?"

Osvaldo alifariki vuli iliyopita, tena kwa figo, wala si kwa mapafu. Pipa lake halikuchukuliwa na mtu. Kila mchana, watu wakijilaza baada ya chakula, muuguzi Chola aliliwasha vile vile likiwa tupu. Alisema ngozi isipofanya kazi hukauka, ingawa yeye na Nélida walijua sababu si hiyo. Nélida alisema, akasubiri, mlio ukaitika, akasema tena. Aibu aliiona, lakini upweke uliishinda aibu.

Kisha mvukuto wake mwenyewe ukaanza kupasuka, kiraka juu ya kiraka. Daktari Iturralde, kijana mwenye adabu zake, akaja kusimama karibu na kichwa chake.

"Mama Nélida, ngozi hizi hazitengenezwi tena. Tukutoboe kooni, tuweke bomba, mashine ndogo ikusukumie hewa. Siku hizi wote wanafanyiwa hivyo."

"Na sauti yangu?"

"Utaikosa, mama. Hewa haitafika tena kwenye sauti."

"Au?"

Daktari akalitazama pipa la jirani. "Au tuing'oe ngozi ya lile tuiweke kwako. Itakusogeza kidogo. Ila lile pipa ndiyo basi tena. Usinielewe vibaya, lakini hiyo sauti unaongea na nani?"

Pipa lilikuwa linavuta. Zamu ya Nélida ilipofika, aligeuza uso wake ukutani.

Alilia mchana ule, machozi yakamwingia masikioni kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta. Akikubali bomba, mlio wa Osvaldo utamwita kila siku naye hana la kuitikia. Akichukua ngozi, atakuwa na maneno na hana wa kuyapokea. Chola alimfuta kwa pembe ya aproni.

"Unaamuaje, shoga yangu?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi mbinafsi. Ukinyamaza wewe, nitagombana na nani humu ndani?"

Nélida akacheka, kicheko kikakatwa na pipa. "Basi chukueni ngozi," alisema. "Ingekuwa yeye angechukua yangu, halafu alalamike inanuka Newell's."

Asubuhi iliyofuata fundi alifungua pipa, huku daktari akimpa Nélida hewa kwa barakoa na mpira wa kuminya. Ngozi ikafungwa, mota ikawashwa. Mvukuto ukavuta, kimya kabisa. Ukarudi, na ule mlio ukalia miguuni pake.

"Osvaldo," alisema Nélida, na mlio ukalia ndani ya jina lenyewe.

Akasubiri kama alivyozoea. Pipa likavuta. Upande wa pili, lile jingine lilikuwa limeachama wazi, na hakuna kilichoitika. Hapo ndipo alipojua kwamba Osvaldo amekufa kweli. Akasema tena, mlio ukasema naye; akanyamaza, wadi nzima ikanyamaza. Miaka yote ile hawakuwahi kusema kwa pamoja, na sasa hawangeweza kusema vinginevyo.

"Hii kelele itakuudhi," alisema Chola, kichupa cha mafuta kiko mkononi. "Niipake?"

Pipa lilikuwa linavuta. Nélida alisubiri, kisha akasema, na Osvaldo akasema naye:

"Iache."